Sheria za kaunti zimfikie mwananchi kabla ya askari

KATIKA masoko mengi humu nchini, mfanyabiashara mdogo hupata habari za sheria mpya ya kaunti siku ile anaposimamishwa na askari wa kanjo na kutakiwa aonyeshe leseni iliyolipiwa ada mpya. Wakati huo mswada huwa umekwisha kujadiliwa, ukapitishwa, ukatiwa saini na gavana na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kila hatua imetimizwa. Aliyeachwa nje ya hatua hizo ni yule atakayelipa.

Hili ni suala zito kuliko linavyochukuliwa. Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 kinaeleza wazi kuwa ushuru au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Maana yake ni kwamba Mswada wa Fedha unaowasilishwa katika bunge la kaunti ndio unaoamua mama mboga, fundi wa viatu na mwenye duka watalipa kiasi gani. Asiyeusikia mswada huo kwa wakati hupoteza nafasi ya kuupinga, kisha hutozwa kana kwamba alikuwapo akaukubali.

Ni vyema kukumbuka tulikotoka. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, nchi ilikuwa na mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya, yaliyoendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Sheria ndogo zilizotungwa na madiwani zilihitaji idhini ya Waziri wa Serikali za Mitaa jijini Nairobi kabla ya kutekelezwa. Kwa hivyo, neno la mwisho kuhusu soko la Kitale au Kilifi lilitoka mbali na soko lenyewe. Mwanya mdogo wa wakazi kusikizwa ulipatikana baada ya kuundwa kwa hazina ya LATF kwa sheria ya mwaka wa 1998, iliyotenga asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa mabaraza hayo. Baadaye mabaraza yalitakiwa kuwashirikisha wakazi katika kuteua miradi. Hata hivyo, kuteua miradi ni jambo moja na kutunga sheria ni jambo jingine.

Katiba ya sasa iligeuza utaratibu huo. Kaunti 47, ambazo mipaka yake inafuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka wa 1992, zilipewa mabunge yao. Wadi 1,450 zilipata wawakilishi wenye mamlaka ya kutunga sheria pasipo kusubiri idhini ya waziri. Kwa upande wa pili wa mizani, Kifungu cha 196 kiliyalazimisha mabunge hayo kuendesha shughuli zake hadharani na kuuwezesha umma kushiriki. Uwezo mkubwa uliandamana na wajibu mkubwa.

Wajibu huo ulipimwa mahakamani mapema. Mnamo Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka wa 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kuwa haitoshi kurusha ujumbe kama wa Twitter kisha kumwachia mwananchi kazi ya kuusaka. Bunge la kaunti, alisema, linapaswa kuwahimiza wakazi kwa kutumia makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya hadhara, redio za kitaifa na za lugha za mama, na kila mahali panapojulikana kuwa watu hukusanyika. Aidha, alisisitiza kuwa wajibu huo huwa mzito zaidi pale sheria inapohusu malipo na ushuru.

Funzo la uamuzi huo halikuwa la wananchi pekee. Sheria ya fedha ikibatilishwa, kaunti hupoteza msingi wa kukusanya mapato yake, na pengo hilo huonekana katika zahanati isiyo na dawa na katika barabara isiyopitika. Kuwaarifu wakazi mapema kwa hivyo si hisani, bali ni kinga ya kaunti yenyewe.

Ni kweli kuwa madiwani wana hoja zao. Wengi hulalamika kwamba mikutano ya kukusanya maoni huhudhuriwa na watu wachache, kwamba baadhi ya wanaofika hudai nauli, na kwamba fedha za kuandaa vikao katika kila wadi hazitoshi. Mgala muue na haki yake mpe. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, yanahitaji kuchunguzwa zaidi kabla ya lawama kutupiwa mwananchi.

Kwanza, lugha. Kiswahili ndiyo lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Ilhali miswada ya kaunti kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na majedwali yake ya ada huwa marefu. Mwuza samaki anayepewa nakala ya aina hiyo asubuhi ya mkutano atachangia nini?

Pili, njia ya kumfikia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inataja runinga, redio za jamii, tovuti, mikutano ya hadhara na vyombo vya jadi kuwa njia za kupasha habari. Sheria hiyo hiyo iliruhusu kuundwa kwa mabaraza ya vijiji yenye msimamizi na wazee kati ya watatu na watano. Katika kaunti kadhaa mabaraza hayo yamesalia kwenye karatasi. Chifu naye ni afisa wa serikali ya kitaifa, wala hawajibiki kwa gavana. Matokeo yake ni kuwa kaunti, ambayo ndiyo iliyokusudiwa kuwa karibu na raia, mara nyingi haina mdomo kijijini.

Tatu, na pengine lililo kubwa zaidi, ni kimya kinachofuata mkutano. Mwananchi hutoa maoni, jina lake huandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria, kisha hasikii tena lolote. Haambiwi ni pendekezo lipi lililokubaliwa, lipi lililokataliwa, na kwa nini. Mtu aliyetendewa hivyo mara mbili hana sababu ya kufunga kibanda chake mara ya tatu ili aende kuzungumza. Uchache wa watu ukumbini basi ni matokeo ya kimya hicho, wala si ushahidi kuwa hawajali.

Tiba yake haihitaji mamilioni. Kila mswada unaogusa mifuko ya wakazi uandamane na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: ada ya sasa, ada inayopendekezwa, na tarehe ya mwisho ya kutoa maoni. Muhtasari huo ubandikwe kwenye lango la soko, kituo cha matatu na zahanati, na usomwe katika nyumba za ibada. Baada ya kura, ukurasa wa pili ueleze kilichobadilika na kilichokataliwa. Kwa kuwa sheria ya kaunti kwa kawaida huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, siku hizo zitumiwe kuwafahamisha wakazi badala ya kuwapanga askari.

Mwananchi naye asikae akisubiri kuletewa. Kalenda ya bajeti inajulikana: taarifa ya mikakati ya fedha hufikishwa bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inampa haki ya kuomba nakala na kujibiwa katika muda wa siku 21. Kuuliza si ujinga, na diwani anayeulizwa mapema hupata ugumu wa kudai kwamba watu wake hawakuwa na neno.