Chakula cha Mlimani na Chemchemi ya Mara

Anayebahatika kuzuru Ulaya aghalabu hurudi na picha za minara na viwanja vya kandanda. Sina ugomvi naye. Hata hivyo, yale ya Ulaya yanayotufaa sisi walimu wa Olenguruone niliyaona milimani, na nusu yake niliyakuta ndani ya bakuli.

Nikiwa Uswisi, nilipanda garimoshi hadi stesheni ya Oberalp, mita 2,033 juu ya usawa wa bahari, kisha nikashika njia ya miguu hadi ziwa dogo liitwalo Lai da Tuma. Ziwa lenyewe ni dogo mno, lakini ndilo linalohesabiwa kuwa chanzo cha Rhine, mto wa takriban kilomita 1,230 unaoishia Bahari ya Kaskazini huko Uholanzi. Njiani nilipishana na vikongwe wenye mikongojo na watoto wa shule waliofuatana na mwalimu wao. Miamba ilikuwa imepakwa alama nyeupe na nyekundu ili mgeni asipotee. Njia za namna hiyo zimeenea nchi nzima kwa kilomita zipatazo 65,000, na mwaka wa 1979 wananchi walipiga kura zikaingizwa katika katiba yao.

Njaa ya mlimani si ya mchezo. Niliporudi bondeni niliandaliwa supu nzito ya shayiri, jibini, na chakula kiitwacho capuns: kinyunya kilichochanganywa na vipande vya nyama kavu, kikafungwa ndani ya majani ya mboga ile ile tunayoiita spinachi, kikapikwa kwa maziwa na mchuzi. Nilikula nikacheka peke yangu. Spinachi tunayo. Maziwa tunayo. Shayiri majirani zetu wa Mau Narok huilima, kisha ikauzwa itengenezwe pombe. Majina ya vyakula hivyo yalikuwa ya Kiromanshi, lugha ya watu wachache sana waishio katika milima hiyo, iliyotambuliwa kuwa lugha ya taifa mwaka wa 1938. Wenyeji hawakuona haya kumwandikia mgeni lugha yao wala kumlisha chakula cha wachungaji.

Hapa kwetu, mgeni rasmi akija shuleni hupewa soda na mkate. Mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti, hubaki nyumbani kana kwamba ni siri ya ukoo. Wanariadha wetu hupokewa kwayo katika uwanja wa ndege wa Nairobi mbele ya kamera. Mwanafunzi wa Olenguruone akiulizwa jinsi inavyotengenezwa, wengi hunyamaza. Asali ya Waogiek wa Mau nayo ina sifa hata Italia, ilhali katika masomo yetu haitajwi.

Na mto tunao. Maelfu ya Wazungu husafiri kila mwaka kutazama nyumbu wakivuka Mara. Wangapi hufuata maji hayo kwenda juu? Mara huanzia katika Msitu wa Mau, kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, halafu huteremka hadi Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Watoto wetu huabiri basi kwenda kutazama heroe wa Ziwa Nakuru (safari njema, sikatai) bila kuona mahali maji ya mto mashuhuri kuliko yote nchini yanapochimbuka.

Yamkini mtu ataniambia kwamba Mau si Alps. Ni kweli. Jina la Olenguruone limeandikwa magazetini kwa sababu ya kufukuzwa kwa walowezi Waafrika mwishoni mwa miaka ya 1940, na kwa ghasia za 1992 na 2008. Msitu wenyewe umekatwa vibaya, na Waogiek, walioshinda kesi katika Mahakama ya Afrika jijini Arusha mwaka wa 2017, bado wanaidai ardhi yao. Ndiyo maana nataka watoto waende wauone: mtu hawezi kuutetea msitu alioujua kwa ramani tu, na jirani uliyekula naye kibuyu kimoja ni vigumu kumfanya adui.

Safari hiyo haihitaji pasipoti. Yatosha kupata ruhusa ya wasimamizi wa msitu, basi moja, viazi vya kuchemsha, kibuyu cha mursik, na mzee wa Kiogiek wa kututangulia, alipwe ujira wake kama wanavyolipwa waongozaji wa Alps.