KUMPENDA KIONGOZI SI KUMSIFU TU



Wapo miongoni mwetu wadhanio kwamba anayemwuliza kiongozi swali zito ni adui yake. Leo twawajibu kwa habari ya Mahatma Gandhi na mwandishi wa Kimarekani, William Shirer.

Mwezi wa Machi 1930 Gandhi alishika njia kwa miguu, maili 240, hata akafika pwani ya Dandi. Huko aliokota chumvi, akaivunja sheria iliyowakataza Wahindi kujitengenezea chumvi na kuwatoza kodi kwa ile wanunuayo. Sisi wenye maduka twajua kwamba hata maskini wa mwisho hana budi na chumvi. Mwezi wa Mei Serikali ya Kiingereza ikamtia gerezani. Shirer, aliyetumwa na gazeti la Chicago Tribune, alipowasili Bara Hindi mwaka ule alimkuta yumo kifungoni.

Gandhi alifunguliwa Januari 1931, na mwezi uliofuata mfungwa yule yule akawa aingia katika kasri ya Lord Irwin, naibu wa mfalme, kujadiliana naye. Tarehe 5 Machi wakatia saini mapatano. Wafungwa wa siasa wengi waliachiliwa, na watu wa pwani wakaruhusiwa kutengeneza chumvi yao. Amma uhuru haukuahidiwa, wala kodi haikuondolewa. Nehru mwenyewe alihuzunika. Shirer naye, juu ya mapenzi yake, aliona kwamba kiongozi ametoa kingi akapata kidogo. Hata hivyo mlango wa Gandhi haukufungwa kwake, na mwaka ule ule alimfuata tena London.

Uhuru ulipatikana mwaka 1947, na Gandhi akauawa Januari 1948. Kumbukumbu za Shirer zilitoka kitabuni mwaka 1979. Mna heshima kubwa ndani yake, na mna pia mambo asiyoafikiana naye. Gandhi hakupungua kwa hayo hata chembe.

Basi, ndugu zetu, Serikali twaiuliza kila siku. Itakuwa aibu tukijifanya vipofu nyumbani kwetu. Sifa ya uongo ni mizani iliyopunjwa: mnunuzi haoni siku ya kwanza, lakini siku atakapojua harudi tena. Na wazee waliofuatana na viongozi wetu wasingoje miaka 48. Waje watueleze waliyoyaona, mazuri na mazito, nasi tutayaandika.

Wabillahi tawfiq.