Mwongozo Hauandikwi kwa Omena

Jamani, leo sitamumunya maneno. Mwaka 2019 Google ilianzisha Season of Docs, mpango wa kuwalipa waandishi wa miongozo ya programu huria. Wazo safi kabisa. Lakini mwaka huo malipo yalipangwa kwa kufuata uwezo wa kununua wa nchi anayoishi mwandishi. Kazi ileile, Mmarekani anapata zaidi, Mkenya anapata kidogo. Mwaka 2021 utaratibu ukabadilika, miradi ikapewa pesa na kupatana yenyewe na mwandishi.

Wengine hawajabadilika. Kampuni moja ya habari za mtandaoni iliniuliza naishi wapi kabla ya kuuliza kama naijua API yenyewe. Nikajibu Pap Onditi. Bei ikashuka papo hapo!

Eti huku maisha ni rahisi. Ndiyo, omena na unga wa sokoni kwetu ni nafuu kuliko vyakula vya London. Lakini mwongozo hauandikwi kwa omena. Seva ya kujaribia programu na jina la tovuti vinalipiwa kwa dola, na muuzaji hanipunguzii kwa sababu natoka Nyakach. Msomaji naye akifuata hatua zangu na programu ikafanya kazi, hajali ziliandikiwa wapi.

Kama kazi yangu ni mbovu, nionyesheni kosa, nitakubali bei ndogo. Kama ni nzuri, tangazeni bei moja kwa wote kabla ya kuuliza anwani. Na wewe mwandishi mwenzangu, ukiulizwa unaishi wapi, uliza kwanza: mwongozo huu mnalipa ngapi?