Mkasi wa matumizi uanzie kwenye shangingi, si kwenye mbolea

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Mtaa wa Kongo, ambao kwa kawaida hakuna pa kukanyaga, ukawa kimya. Walilalamikia kikosi kazi cha kodi na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja.

Nyuma ya kilio cha kodi kuna swali kubwa zaidi: fedha hizo zinakwenda wapi? Wapo matajiri wanaosema dawa ni Serikali kupunguza matumizi, mengine waachiwe wenye uwezo wa kujitolea.

Hoja hiyo ina historia katika jiji hili. Hospitali ya Sewa Haji, iliyobeba jina la tajiri wa karne ya 19, ndiyo mzizi wa Muhimbili ya leo. Ukoo wa Karimjee uliukabidhi mji Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge lilikaa kabla ya kwenda Dodoma. Abdulkarim Karimjee, wa ukoo huo huo, alikuwa Spika hadi 1962. Watu hao wanastahili shukrani.

Hata hivyo, ukumbi ni zawadi ya mara moja. Mishahara ya wauguzi, dawa na barabara ni gharama za kila mwezi. Jengo la Soko la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli, lilijengwa kwa fedha za umma miaka ya 1970. Lilipoungua Julai 2021, mzigo wa kulijenga upya uliangukia Hazina. Tajiri hutoa anapopenda na anapopenda. Mkulima wa Kilombero hawezi kusubiri apendwe ndipo mpunga wake upate njia ya kufika mjini.

Isitoshe, nchi hii imeshawahi kukata matumizi. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hadi ikaondolewa miaka ya 1990, na wazazi wakachangia shule na matibabu. Bei ya mbolea ilipanda, na wakulima wengi wadogo wakapanda bila mbolea. Baadaye Serikali ilirudisha ruzuku hiyo, na mwaka 2022, bei ya dunia ilipopaa, ikalazimika kuitoa tena. Kilichookolewa kwa mkono mmoja kilirudi kulipwa kwa mwingine.

Je, hii ina maana matumizi yasiguswe? La hasha. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, na shilingi bilioni 4 zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge. Safari za nje za watumishi nazo zilibanwa. Hakuna mkulima aliyekosa mbegu kwa sababu gwaride halikufanyika.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Shangingi, semina ya hotelini, posho ya kikao na msafara mrefu havimpunguzii muuza vitunguu gharama hata senti moja. Barabara ya kijijini inampunguzia, maana lori likikwama siku mbili kwenye tope, nyanya huoza na bei Kariakoo hupanda. Hasara hiyo hugawanywa kati ya mkulima, mchuuzi na mlaji.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayedai kodi nafuu ana haki, lakini ataje kinachokatwa. Akisema tu "Serikali ipungue", mkasi utaanza kwa asiye na sauti, na asiye na sauti ni yule anayemletea mzigo sokoni.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoka kila mwaka. Vyama vya wafanyabiashara na vya ushirika vikiisoma pamoja kabla ya bajeti ya Juni, vitakwenda kwa mbunge na diwani vikiwa na orodha mkononi. Orodha hiyo itakuwa na uzito kuliko hisani ya tajiri yeyote.