Picha ya Mwaka wa Tano

Tumezoea habari hii: mtoto amepanuliwa mshipa kwa tundu dogo la pajani, bila kufunguliwa kifua, waziri anapongeza, mama anafuta machozi mbele ya kamera. Sina kinyongo na sherehe hizo. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, wengi ambao zamani wangepelekwa India hutibiwa Dar es Salaam, na hilo si jambo dogo. Ninachouliza ni nani humwita mtoto huyo mwaka wa tano.

Wapo wanaozaliwa na aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, ikiwa imebanwa mahali pamoja. Mikononi shinikizo la damu huwa juu, miguuni chini. Stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma, huingizwa hadi palipobanwa na kutanuliwa kwa puto. Damu hupita. Maradhi, hata hivyo, hayajaisha. Mshipa waweza kubana tena, wavu waweza kuvunjika, na ukuta wa aota waweza kuvimba taratibu pasipo maumivu yoyote, hadi siku unapopasuka. Mtoto naye hukua, stenti haikui. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2020 unataka mshipa upigwe picha kila miaka 3 hadi 5, maisha yote. Altrasaundi ya kifua mara nyingi haioni vizuri eneo hilo kwa mtu mzima, na chuma huiharibu picha ya MRI; kwa hiyo CT hutegemewa zaidi, ingawa ina mionzi na haifai kurudiwa ovyo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwekewa stenti akiwa sekondari. Miaka 6 ikapita bila kuitwa na mtu. Alipokwenda mwenyewe hospitali, dirishani aliambiwa kwamba bima hulipia wagonjwa, naye hana dalili. Eti asubiri aumwe! Wenzake darasani wakamchangia. Kipimo kilipofanyika, daktari aliomba picha ya awali ili alinganishe, maana picha moja haisemi kama mshipa umebadilika. Ilikuwa kwenye santuri iliyobaki hospitali ya kwanza, na hakuna aliyejua iko kabati gani.

Hapa hatuwezi kusingizia umaskini wa mitambo peke yake. Miaka ya karibuni mashine za CT zimefikishwa katika hospitali za rufaa za mikoa, na picha husafiri kwa mtandao hadi kwa bingwa. Kinachokosekana ni daftari la waliowekewa stenti, lenye tarehe ya kila mmoja kurudi na karani mwenye wajibu wa kupiga simu. Kinakosekana pia kifungu cha malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwenye kitita chake, na kitita kinachosubiri dalili kwa ugonjwa usio na dalili kimeandikwa na mtu asiyeuelewa ugonjwa huo.

Baadhi ya wasomaji wangu hukaa katika vikao vinavyoandaa vitita hivyo. Nawaomba mtujibu hadharani: picha ya mwaka wa tano imo, au haimo? Mwanafunzi wangu ameambiwa arudi baada ya miezi 12, kwa kuwa uzi mmoja wa wavu umekatika. Fedha ya kipimo hicho bado hana.