Haki Hazikushushwa Kasanga Kutoka Meli ya Liemba

Mwezi Julai nilikuwa nimekaa chini ya turubai la msiba pale Chanji, hapa Sumbawanga, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa, nasubiri ugali na migebuka. Mheshimiwa mmoja akasimama kutoa salamu za rambirambi. Marehemu alikuwa fundi cherehani, mtu wa watu, hakuwahi kugombana na serikali wala na jirani. Lakini mtu akishashika kipaza sauti, msiba ni wake. Alianza na pole, akahamia kwa vijana wasio na adabu, kisha akafika alikokuwa anakwenda tangu mwanzo: haya mambo ya haki za binadamu tumeletewa na Wazungu, Mwafrika wa asili alikuwa na mtemi wake, mtemi akisema watu wanatii.

Watu wakapiga makofi. Msibani! Mimi nikanyamaza, maana chakula kilikuwa bado hakijaletwa. Sasa nimeshiba, nitasema.

Kwanza, huku kwetu Ufipa hatukuwa na mtemi. Tulikuwa na Mwene. Mtu anayetufundisha asili yetu huku hajui cheo cha mtawala wetu kilivyoitwa amenipa kila sababu ya kutomwamini katika hayo mengine. Pili, hatukuwa na Mwene mmoja. Kulikuwa na Nkansi na kulikuwa na Lyangalile, falme mbili zilizogawanyika kwa ugomvi ndani ya ukoo uleule wa Watwa (usiwachanganye na Watwa wa misitu ya Kongo). Na nyuma ya hao wote kulikuwa na Milansi, kijiji cha kale ambacho mkuu wake alitawala kabla yao.

Kisa hiki wazee wanakisimulia hadi leo. Wanawake watatu wageni, waanzilishi wa ukoo huo wa Watwa, walifika Milansi mkuu wake akiwa mawindoni, wakakalia kiti chake. Aliporudi, utawala ulikuwa umekwenda. Kwingine duniani mfalme aliyeshindwa hukatwa kichwa. Hapa mambo yakaisha kwa mapatano: Watwa wachukue nchi, mkuu wa Milansi abaki na eneo lake ambalo hao wakubwa wapya hawaligusi, na Mwene wa Kitwa asisimikwe bila Milansi kuwa na mkono wake katika shughuli hiyo. Mnaliitaje jambo hilo? Chuo kikuu wanaliita mipaka ya madaraka, na wanalipia ada kulisoma.

Lakini hayo ni ya wakubwa kwa wakubwa. Twendeni kijijini. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na wazee wetu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya dola ya Wafipa mwaka 1981, anaeleza kwamba mkuu wa kijiji cha Kifipa alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, wanaume kwa wanawake, na wanakijiji hao hao waliweza kumwondoa. Kumwondoa! Naomba neno hilo mlisome mara mbili, maana kuchagua hata leo tunachagua. Wanawake nao walikuwa na mkuu wao wa kike, aliyesikiliza mashauri ya wanaume waliotoa lugha chafu mbele ya wanawake. Ningetamani mama huyo angekuwepo Chanji siku ile, maana baadaye mheshimiwa alitania juu ya wajane.

Tena kijiji hakikuwa cha ukoo mmoja. Mtu alikaa alipopenda, na akichoshwa na mkuu alibeba jembe lake akahamia kijiji kingine. Mkuu mbaya alibaki na mbuzi wake. Na kwa kuwa kodi ya Mwene ililipwa kwa nguo za pamba zilizofumwa majumbani, mkuu aliyekimbiwa na watu hakuwa na nguo ya kupeleka.

Najua jibu lao, nimelisikia kwenye daladala na kwenye baa: "Hayo hayakuandikwa popote." Kweli kabisa. Na Uingereza, hiyo inayosemekana ndiko haki zilikozaliwa, mpaka leo haina katiba iliyoandikwa kwenye kitabu kimoja. Nao tuwaambie hawana asili? Ile Magna Carta yao ya mwaka 1215 ilikuwa ni makabaila wakimkaba Mfalme John kwenye uwanja wa Runnymede kwa sababu amezidisha michango. Haikumtaja mkulima mtumwa wa shamba ila kwa kumpitia pembeni. Wakaendelea kukabana na wafalme wao kwa karne nyingi hadi hati yao ya haki ya mwaka 1689, na bado meli zao zilibeba watu minyororoni kuvuka bahari. Mzungu hakuzaliwa na haki mfukoni. Alibishana na mkubwa wake kama sisi tulivyobishana na wetu.

Sasa tuulizane, hapa kwetu ni kitu gani hasa kililetwa na meli? Nitawaambia. Wajerumani walipojenga boma Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, na kuliita Bismarckburg, walileta kiboko, na mkubwa ambaye mwanakijiji hawezi kumwondoa. Waingereza wakaja na sheria yao ya tawala za wenyeji ya mwaka 1926, wakamfanya chifu kuwa mtumishi wa bwana wilaya. Kuanzia hapo chifu hakuogopa tena wanakijiji kuhama. Alimwogopa aliyemlipa mshahara. Huyo ndiye "mtemi wa asili" anayetiiwa akisema. Alitengenezwa ofisini, akapigwa muhuri.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, hati ya haki haikuwekwa ndani ya Katiba. Wakubwa walisema itawakwamisha, nchi ni changa. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Nchi changa hiyo ilikuwa haina muda wa haki lakini muda wa kizuizini ulipatikana upesi. Haki zikaingia kwenye Katiba mwaka 1984, miaka 23 baadaye, na hata hapo sheria ikasema mtu asizidai mahakamani kwa miaka 3 tangu zianze kutumika, mpaka mwaka 1988. Serikali iliomba miaka 3 ya kujiandaa kuacha kuonea watu! Mkuu wa kijiji cha Kifipa angeomba muda huo, angekuta kijiji kitupu asubuhi.

Na bado tuna sheria ya mwaka 1997 inayompa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani saa 48. Sheria yenyewe ina masharti, lakini nani huyasoma akiwa amekasirika? Ni Mfipa gani aliyemchagua mkuu wa wilaya? Ni mkutano gani utakaomwondoa?

Nikianza hivi naambiwa mimi ni mtu wa kulalamika. Ndiyo. Mwaka 2017 mahindi yetu yalizuiwa kuvuka mpaka, Zambia iko pale tunaiona, na gunia likakosa thamani huku mbolea ikibaki na bei yake. Hakuna aliyetuuliza. Mtu amelima kwa mkono wake, amelipa ushuru wa mazao getini, kisha anaambiwa na mtu asiyelima amuuzie nani. Hilo nalo ni mila yetu?

Kinachonichekesha ni kwamba Watanzania wenzetu wako tayari kuamini lolote juu yetu. Wanaamini jina la mji wetu lina maana ya "tupa uchawi", na hilo nawaachia. Wanaamini tunatengeneza radi kiangazi na kuipeleka Dar es Salaam kwa anayetudai. Lakini ukiwaambia Mfipa wa kale alimchagua kiongozi wake na kumwondoa bila kumuua, wanakwambia umeanza kutia chumvi.

Chakula kilipoletwa, mheshimiwa alihudumiwa wa kwanza, mbele ya wafiwa. Nilikaa karibu na mzee mmoja aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kijiji huko bonde la Rukwa. Nikamuuliza iwapo enzi zake aliwahi kuondolewa na mkutano. Akacheka hadi mwiba ukataka kumkwama. Sheria inasema mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Kijijini kwetu, mara ya mwisho mapato na matumizi kusomwa, mjukuu wangu alikuwa hajaanza kutembea. Sasa yuko darasa la pili.