Kuandika si Kuweka

Mwezi huu sitaongea juu ya ndoa wala juu ya mahari. Nitaongea juu ya kompyuta, ile sisi hapa Kolwezi tunaita ordinateri. Mama, usifunge ukurasa. Neno hili linakuhusu wewe pia.

Mnakumbuka kwamba mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini kwa ile tuliita «départ volontaire». Wengi wamekwisha kulala. Wajane wao wamebaki na karatasi zilizoliwa na mchwa: namba ya kazi ya mume, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Siku moja niliwaita wajane 12 wa kanisa letu, kila mmoja na karatasi zake. Nikaketi mbele ya ordinateri, nikaandika habari zao mmoja mmoja katika programu ndogo inayoitwa Bloc-notes. Kwa mashini za Kiingereza jina lake ni Notepad. Niliandika saa tatu nzima. Nilipofika kwa mama wa 11, umeme ukakatika.

Jioni umeme ulirudi. Nikawasha mashini, nikafungua programu: ukurasa mweupe. Nikamwita kijana mmoja wa korali anayejua kazi hiyo. Akatazama, akasema pole pole:

«Baba pasta, uliandika, lakini haukuweka.»

«Namna gani sikuweka? Maneno niliyaona kwa macho yangu!»

«Uliyaona, ndiyo. Lakini haukuyapatia jina, haukuyapatia na nafasi ya kukaa.»

Ndugu zangu, hapo ndipo nilielewa. Wakati wa kiangazi, mtoto anaandika jina lake kwa kidole juu ya vumbi la kioo cha gari. Jina linaonekana vizuri, lakini upepo mmoja tu na limekwenda. Maneno unayoyaona kwenye ordinateri kabla ya kuyaweka ni hivyo. Yanakaa katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme. Ukiyaweka, yanaandikwa ndani ya diski, na diski inayashika hata mashini ikizimwa.

Sasa, kuweka ni namna gani? Ni kazi ya dakika moja. Juu upande wa kushoto kuna neno «Fichier». Bonyeza hapo, kisha «Enregistrer sous». Mashini itakuuliza mambo mawili: faili iitwe nani, na ikae wapi. Usijibu ovyo. Usiite «barua» wala «liste 1», maana kesho utakuwa na barua 20. Ita «wajane-2024-mwezi-5». Na nafasi, chagua moja unayoijua, kama «Documents». Ukimaliza, mashini inaongeza «.txt» mwishoni mwa jina, hata kama wewe huioni. Hiyo ni alama ya faili ya maandishi matupu.

Baada ya hapo hauhitaji tena kupita njia ndefu. Shika Ctrl, gusa S. Fanya hivyo kila ukimaliza mstari wa mtu mmoja. Usingoje mwisho wa kazi.

Kesho ukitaka kusoma tena, fungua programu, «Fichier», kisha «Ouvrir», tafuta jina ulilotoa. Ukiona mahali pa Gécamines pameandikwa GÃ©camines, usiogope na usianze kufuta. Maneno hayajaharibika. Mashini imesoma herufi zenye alama kwa kanuni nyingine. Funga bila kuweka, rudi kwa «Ouvrir», na chini ya dirisha, pale inapouliza namna ya herufi, chagua UTF-8.

Mtu ataniuliza: Pasta, sababu gani programu ndogo hivi, isiyo na picha wala rangi? Sababu ni hiyo hiyo. Bloc-notes ilikuja pamoja na Windows ya kwanza mwaka 1985, na faili ya maandishi matupu inafunguka kwa mashini ya zamani, kwa mashini mpya, hata kwa simu. Haiombi programu ya kununua. Orodha nzima ya wajane wetu haifiki uzito wa picha moja ya simu.

Lakini angalieni mambo matatu. La kwanza: ukifuta maneno ya zamani na kuweka kwa jina lile lile, ya zamani yamekwenda. Mambo mapya, jina jipya. La pili: faili hii haina kufuli. Kila anayegusa mashini anaweza kuisoma, na siri ya mjane si habari ya soko. Nakili kwa flashi mbili, moja ikae mbali na mashini, mahali panapofungwa. La tatu: tangu mwaka 2023 Bloc-notes ya Windows 11 inajaribu kushika yenyewe maneno ambayo hukuyaweka. Ni vizuri, lakini usilaze kichwa juu yake. Mashini ya kanisa letu ni ya zamani.

Mfalme Yehoyakimu alipochoma kitabu motoni, Baruku alikiandika tena, sababu Yeremia alikuwa angali hai na mdomo wake ulikumbuka. Mimi niliwaita wajane wangu mara ya pili. Wakaja 11. Yule wa kwanza kabisa kwenye orodha yangu alikuwa amerudi kwa ndugu zake upande wa Kasaji, na karatasi zake amekwenda nazo. Nilituma watu, sikupata jibu. Mpaka leo jina lake liko, mbele yake hakuna kitu.

Kijana, wewe unayejua kuchezea ordinateri, mwezi huu keti na mama yako au na bibi yako. Mwambie alete karatasi zake zote. Andika, weka, na kabla ya kusimama fungua tena mbele yake, aone kwamba maneno yako pale.